Isome Kabla Hujaisugua: Kutambua na Kuhifadhi Bastola Kuukuu ya Kijeshi

Grainda ya gereji inahitaji dakika kumi tu kuimaliza bastola iliyostahimili kutu kwa miaka mia moja. Chuma kitatoka kinang'aa kama sufuria la harusi, mwenye mali atafurahi, na wakati huohuo kila kilichoipa bastola hiyo thamani kitakuwa kimelala sakafuni kikiwa vumbi: namba, mwaka, mhuri wa kiwanda, alama ya jeshi, rangi ya asili. Kinachobaki ni kipande cha chuma chenye umbo la bastola.

Hilo ndilo kosa linalorudiwa kila siku. Watu huanza na kusugua, ndipo waulize ni bastola gani. Kazi inakwenda kinyume chake: unaisoma, unaizuia isiendelee kuoza, halafu unaiacha. Tunaeleza hapa namna ya kufanya hivyo kwa bastola zinazogusa historia ya Mwanza, Bukoba na Ukerewe, yaani za Kijerumani na za Kiingereza tangu miaka ya 1880 hadi Vita vya Pili vya Dunia. Kuirudishia uwezo wa kupiga risasi si sehemu ya kazi hii. Kitu cha makumbusho hakihitaji kupiga, kinahitaji kusomeka.

Kabla ya yote, kibali

Silaha nchini zinatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Usijidanganye kwamba kutu au umri ni kibali. Aliyerithi sanduku la marehemu na kukuta bastola chini ya nguo aiache ilipo, afunge chumba, kisha aende mwenyewe kituoni kutoa taarifa. Asiitie kwenye mfuko na kupanda nayo daladala ili "akawaonyeshe". Kutembea na silaha isiyo na kibali, hata kama unakwenda kuisalimisha, ni kujitafutia maelezo marefu ambayo simu moja ya 112 ingeyaepusha.

Iliyofukuliwa wakati wa kuchimba msingi au choo ina hatari zaidi, kwa sababu hujui kilichomo. Fataki ya risasi, yaani kile kifuniko kidogo cha kitako kinachowasha baruti, haifi kwa kuzeeka, na baruti iliyooza haitabiriki. Usigonge, usitikise, usimwage mafuta ya taa ukidhani unaua risasi. Upande wa Kagera kuna la ziada: vita vya 1978 na 1979 vilikuwa vya silaha za kizazi kingine kabisa. Ukikuta huko bastola yenye nyota kwenye mshiko au yenye magazini ya chuma iliyoganda na kutu, hiyo si ya kukusanya. Ni ya polisi moja kwa moja.

Yanayofuata yanamhusu mwenye kibali mkononi, mhifadhi wa makumbusho, au mrithi ambaye silaha yake imekwisha kukaguliwa, ikaonekana haina risasi, naye akaruhusiwa kuwa nayo.

Hadithi ya muuzaji na tarehe za ziwani

Kila bastola kuukuu ya ukanda huu huja na hadithi, na iliyozoeleka zaidi ni kwamba ilitumika Waingereza walipoichukua Mwanza. Uzuri wa hadithi hiyo ni kwamba ina tarehe. Bukoba ilivamiwa tarehe 22 na 23 Juni 1915 na mitambo yake ya simu ya upepo ikaharibiwa. Ukerewe ilichukuliwa Juni 1916, na Mwanza ikaanguka tarehe 14 Julai 1916, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea Tabora.

Sasa ziweke tarehe hizo kando ya maandishi ya chuma. Webley Mark VI, rivolva ya Kiingereza (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka), iliidhinishwa na jeshi la Uingereza Mei 1915, mwezi mmoja tu kabla ya Bukoba. Anayekuambia Mark VI yake "ilitoka Bukoba 1915" anakuomba uamini kwamba bastola mpya kabisa ilivuka bahari, ikapanda reli hadi Kisumu na kuingia kwenye stima ndani ya wiki nne. Na Mark VI iliyogongwa 1917 haikuwapo Mwanza 1916. Hapo hakuna hata la kubishania.

Upande wa Wajerumani kipimo ni kikali zaidi, maana koloni lilikuwa limefungiwa njia ya bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya kutoka Ujerumani wakati wa vita: Rubens, Aprili 1915, na Marie, iliyotia nanga ghuba ya Sudi upande wa Lindi Machi 1916. Baada ya Marie haikufika nyingine. Kwa hiyo Luger, bastola ya Kijerumani, yenye mwaka 1917 au 1918 haikuja na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika koloni hili. Ililetwa baadaye na mtu mwingine. Inaweza kuwa bastola nzuri sana, ila bei ya "bastola ya vita vya Mwanza" si bei yake.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka unaolingana hauthibitishi hadithi, unaiachia tu nafasi. Kinachothibitisha ni karatasi: barua, kibali cha enzi za mkoloni, picha yenye jina nyuma, orodha ya makumbusho. Karatasi hizo mara nyingi huchomwa na wenye nyumba siku ya kufagia, huku chuma kikitunzwa. Bora wangeanza na karatasi.

Umbo kwanza

Kabla ya kutafuta maandishi, umbo lenyewe linakutoa kwenye familia nyingi za bastola na kukuachia moja au mbili.

Rivolva nzito yenye fremu iliyofungwa pande zote, isiyokunjuka na isiyo na kijiti cha kusukumia maganda chini ya mtutu, ikiwa na kilango cha kujazia upande wa kulia na kitu cha ajabu kwa rivolva, yaani wenzo wa usalama upande wa kushoto, ni Reichsrevolver ya Kijerumani. Kuna mbili. Ya 1879 ina mtutu mrefu wa kama milimita 180 na pete nene mdomoni. Ya 1883 ni fupi, mtutu wake kama milimita 126. Zote ni za risasi sita za milimita 10.6. Viwanda vyake hugongwa upande wa kushoto wa fremu, mara nyingi ndani ya duara la yai: Erfurt, Dreyse, Mauser, au herufi za wafua bunduki wa Suhl walioshirikiana.

Yenye mshiko uliolala sana kama shingo ya bata, na magoti mawili ya chuma mgongoni yanayokunjuka juu, ni Luger, ambayo jeshi la Ujerumani liliipokea 1908 na kuiita P08. Mtutu wa jeshi la nchi kavu ni milimita 100, wa majini 150, wa mizinga 200. Ukipima 100 kwenye bastola inayouzwa kama "ya manowari ya Königsberg", uliza swali la pili.

Inayokatika katikati kama bunduki ya ndege, mtutu ukiinama mbele na maganda yote sita yakinyanyuka kwa pamoja, ni Webley au binamu yake Enfield. Webley Mark I hadi V zina mshiko uliopinda kama mdomo wa kasuku. Mark VI ina mshiko mpana wenye kitako bapa na mtutu wa inchi sita, na uzito wake ni kama kilo moja na gramu mia moja. Enfield Namba 2 ni nyembamba na ndogo, ya 1932 na kuendelea. Ikiwa nyundo yake haina mkia wa kuvutia kwa kidole gumba, ni Mark I yenye nyota, iliyoanza 1938. Hiyo ni ya vita vya pili, hata kama mjukuu anaapa kuwa babu aliipata kwa Mjerumani.

Kuyatoa maandishi bila kuyaumiza

Wengi huona hakuna maandishi, wakachukua msasa "kuyatafuta". Msasa ndio unaoyafuta. Herufi za jeshi zimegongwa kwa kina cha sehemu ndogo tu ya milimita; kutu iliyozijaza ni laini kuliko chuma cha kuta zake, kwa hiyo ukisugua kwa kitu kigumu unashusha kuta badala ya kusafisha shimo.

Zima taa ya chumba. Washa taa ya simu na uilaze karibu na uso wa chuma, ikipiga kwa pembeni kabisa kama jua la saa kumi na mbili jioni juu ya maji. Kivuli kitaingia kwenye kila mgongo wa herufi. Zungusha taa polepole, piga picha kila upande, kwa sababu herufi moja huonekana kutoka kaskazini na nyingine kutoka magharibi. Pasipotosha, paka unga wa chaki nyeupe kwa kidole na ufute juu kwa kitambaa kikavu. Unga unabaki shimoni. Kwa pale palipofunikwa na kutu ngumu, tone la mafuta ya cherehani, subiri siku nzima, kisha kwangua taratibu kwa kitu cha shaba. Sarafu ya zamani ya senti kumi yenye tundu, ile ya Afrika Mashariki ya kikoloni, ni chombo kizuri ajabu: ni laini kuliko chuma, lakini inatosha kukwangua kutu iliyolainishwa na mafuta. Hakikisha tu si ya mkusanyaji mwenzako.

Luger na namba zake

Luger ndiyo inayowachanganya watu zaidi, na inafaa kuikalia kidogo.

Juu ya chemba kuna mwaka, kwa mfano 1911 au 1915. Kwenye goti la mbele kuna kiwanda: herufi DWM zilizosokotana, au taji na neno ERFURT. Namba ya silaha iko mbele ya fremu na upande wa kushoto wa mtutu uliounganishwa na chemba. Hapo ndipo watu huteleza, wakidhani namba 4512 ni ya bastola moja tu duniani. Sivyo. Kila kiwanda kilihesabu kuanzia 1 hadi 10000 kila mwaka, kisha kikaanza upya na herufi ndogo: 1a hadi 10000a, halafu b, na kuendelea. Mwaka uliofuata hesabu ikarudi mwanzo. Kwa hiyo 4512 pekee haikuambii lolote. Utambulisho kamili una vitu vinne: kiwanda, mwaka, namba na herufi. Herufi hiyo iko chini ya namba, imeandikwa kwa mkono wa kuchonga wa Kijerumani, ndogo na yenye mikia, na ndiyo ya kwanza kufutika kwa msasa. Ukiandika orodha bila herufi, umeandika nusu ya jina.

Vipande vidogo navyo vina namba, tarakimu mbili za mwisho za namba kuu: kwenye triga, kwenye kibao cha pembeni, kwenye wenzo wa kufungulia, kwenye magoti, hata nyuma ya mbao za mshiko. Zote zikilingana, bastola haijachanganywa, na thamani yake inapanda sana. Kimoja kikitofautiana, iandike hivyo. Usimwite mtu agonge namba upya. Mkusanyaji mwenye uzoefu hutambua tarakimu mpya kwa kingo zake kali na umbo lisilolingana na wenzake, na afisa wa silaha akiona namba iliyochezewa hawazi historia, anawaza wizi.

Kuna maneno mawili ya Kijerumani ya kuyajua. GESICHERT, chini ya wenzo wa kushoto, maana yake imefungwa kwa usalama. GELADEN, kwenye kikucha cha kuvutia ganda, maana yake imejazwa: kikucha huinuka risasi ikiwamo chemba na neno likaonekana. Katika bastola iliyoganda, kikucha kinaweza kuganda chini huku risasi ikiwamo. Usikiamini.

Jambo jingine kuhusu Luger za zamani: triga, wenzo wa usalama na vipande vingine vidogo vina rangi ya majani makavu, njano inayoelekea kahawia. Si kutu wala uchafu. Ni rangi iliyopatikana kiwandani kwa kupasha chuma hadi kama nyuzi 220 au 230 za Selsiasi. Tumeona maelekezo mtandaoni ya "kuondoa umanjano"; anayeyafuata anang'oa kitu ambacho hakirudi.

Webley: mshale na silinda

Kwenye Webley ya jeshi husomeka WEBLEY, MARK VI na PATENTS, pamoja na mwaka. Tafuta mshale mpana wenye mistari mitatu, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha maana yake iliuzwa nje ya jeshi kwa halali. Bastola yenye mishale hiyo haikuangushwa vitani, ilinunuliwa. Huu ni ushahidi mdogo unaobomoa hadithi ndefu.

Kisha iangalie silinda kutoka pembeni, mwanga ukiwa nyuma yake. Kukiwa na nafasi pana kati ya mgongo wa silinda na ukuta wa fremu, silinda imekatwa. Baada ya vita, Webley nyingi za inchi .455 zilichongwa hivyo ili zichukue risasi za .45 za Marekani. Mbali na kupunguza thamani, ukataji huo uliziacha na hatari: risasi hizo husukuma kwa nguvu kuliko ile ambayo bastola ilijengewa. Andika "silinda imekatwa" kwa wino mwekundu kwenye kadi yake, ili asije mtu baadaye akadhani bado ni ya kupigia.

Tahadhari na Webley zenye maandishi ya kiajabuajabu: herufi N iliyogeuka, PATENTS iliyokosewa, taji lililopinda. Warsha za mpakani mwa Afghanistan na Pakistani zilifua nakala kwa mkono kwa miongo mingi. Zina historia yake, lakini si Webley.

Kutu mbili na mashimo ya mtutuni

Kutu nyekundu ni ya unga, inachafua kidole, inavuta unyevu na kuendelea kula. Kutu nyeusi imeshikana na chuma, ni tulivu, na kwa kweli rangi ya bluu-nyeusi ya kiwandani kwenye Luger za kabla ya miaka ya 1930 ilitengenezwa kwa kukikutisha chuma makusudi na kukichemsha. Ukilielewa hilo, mambo mengi yananyooka. Siki, limao, soda ya kola na maji ya kuondolea kutu haviwezi kutofautisha kutu na rangi ya asili, kwa kuwa vyote ni oksidi ya chuma. Ukilaza bastola kwenye siki usiku mmoja, asubuhi utaikuta kijivu kama bati jipya. Umeme wa betri na magadi nao una tatizo lake: hidrojeni huingia kwenye chuma kigumu, na springi bapa ya zamani hukatika kama kijiti.

Wakazi wa ziwani wana bahati moja ambayo wenzao wa Tanga na Dar es Salaam hawana. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, hivyo chuma kilicholala kwenye udongo wa Ukerewe hakijajaa kloridi kama kilicholala ufukweni mwa bahari. Chumvi hata hivyo huingia kwa njia nyingine: jasho la mikono, majivu ya jiko, sanduku lililowahi kubeba samaki wa chumvi. Ukiona vitone vya majimaji ya rangi ya chai vikirudi juu ya kutu siku chache baada ya kuikausha, hiyo ni kloridi. Hapo acha, ni kazi ya maabara ya uhifadhi.

Na ndani ya mtutu? Fataki za zamani zilikuwa na klorati ya potasiamu. Ikiungua huacha chumvi. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta, inayeyuka kwenye maji. Askari aliyesafisha kwa mafuta peke yake alikuwa akiifunika chumvi ikae raha. Ndiyo maana bastola nyingi ni nzuri nje na zina mashimo ndani. Mashimo hayo hayatengenezeki. Yaandike, yapake mafuta, endelea.

Kuchemsha badala ya kukwangua

Njia inayofaa kwa bastola yenye kutu nyekundu nyepesi juu ya rangi iliyobaki ni kuigeuza kutu hiyo iwe nyeusi kwa maji ya moto. Inahitaji uvumilivu kuliko fedha.

Ifungue kwa kiwango cha usafi wa kawaida tu, ukipiga picha kila kipande kabla ya kukitoa. Bisibisi za dukani zina ncha ya kabari. Huteleza na kung'oa midomo ya skrubu, na midomo iliyong'oka ndiyo alama ya kwanza ya fundi mbaya. Ipige ncha tupa hadi kuta zake ziwe sambamba na zijae kwenye mfereji. Skrubu iliyoganda ipewe asetoni na mafuta ya gia-boksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Yatikise kabla ya kila tone, maana hutengana. Matone mawili asubuhi na jioni, siku tatu hadi saba. Isipotoka, iache. Bastola iliyofungwa ina thamani kuliko iliyovunjwa.

Toa mbao, na hasa toa mishiko myeusi ya Webley. Ile si plastiki, ni mpira mgumu uliochanganywa na salfa. Maji ya moto huulainisha na kuubadilisha uwe kahawia ya kinyesi cha mbuzi, bila kurudi.

Osha chuma kwa maji moto na sabuni ya vyombo, suuza, kisha futa kwa asetoni safi, dirisha likiwa wazi na jiko la mkaa likiwa mbali kabisa. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha haifai, nyingi zina mafuta ndani. Tangu hapo vaa glavu: alama ya kidole kimoja itabaki kama doa.

Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke. Vituo vya mafuta huyauza kwa jina la maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Maji ya bomba huacha madoa meupe. Lita tatu au nne kwenye sufuria la chuma cha pua zinatosha. Vipande vining'inizwe kwa waya visiguse chini. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yatachemka kwenye kama nyuzi 96, na hilo halidhuru kazi. Joto hilo liko mbali sana na lile linalogusa ugumu wa springi au rangi ya majani makavu.

Chemsha dakika 20 hadi 30. Nyekundu itageuka nyeusi kama mahameli. Toa, acha kikauke kwa joto lake chenyewe, kisha futa ule unga mweusi kwa sufi ya chuma ya daraja la sifuri nne. Waya wa kusugulia masufuria wa dukani ni mkali mno, utachora mistari. Mkono uwe mwepesi, kama unafuta vumbi kwenye kioo cha saa. Vipande vya rangi ya majani makavu usivisugue kabisa. Rudia mara mbili hadi nne, hadi isitokee nyekundu mpya.

Yanayoharibika hapa ni machache na yana sababu. Mabaka ya nyekundu yaliyobaki maana yake mafuta hayakutoka vizuri. Kutu mpya kesho yake kwenye vishimo maana yake maji yalibaki ndani ya matundu ya skrubu. Puliza dawa ya kufukuza maji, na saa moja baadaye weka mafuta ya cherehani. Dawa hiyo peke yake si kinga. Oili chafu ya gari, ambayo wengine huipaka kama walivyopaka nguzo dhidi ya mchwa, ina asidi na masizi; usiikaribishe.

Rangi mpya? Hapana. Kuipaka bluu ya dukani au kuitia nikeli kunaigeuza kuwa kitu cha mwaka huu. Mkusanyaji atalipa zaidi kwa kijivu halisi chenye mwaka unaosomeka.

Mbao zisafishwe kwa mswaki laini wenye povu kidogo, zikaushwe kivulini, kisha zipate mafuta ya kitani kwa tone la kidole. Zikiwa na dumuzi, zifunge kwenye mfuko wa plastiki na uziweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili.

Chini ya paa la bati

Bastola nyingi za ukanda wa ziwa haziharibiwi na mvua. Zinaharibiwa na saa kumi alfajiri. Bati hupoa haraka, sanduku la chuma hupoa nalo, na hewa yenye unyevu wa ziwa hutoa umande juu ya chuma ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Ukiongeza ala ya ngozi, mambo huwa mabaya maradufu: ngozi hushika unyevu na ina mabaki ya asidi za kutengenezea. Ala ihifadhiwe peke yake, bastola peke yake, zote kwenye kadi moja.

Kwa mwenye kibali, kabati la silaha linalofungwa ni sharti. Ndani yake weka chombo cha plastiki chenye mfuniko wa mpira pamoja na silika, kiasi cha gramu 20 kwa kila lita ya chombo. Chombo cha lita kumi kinataka gramu 200. Vijipakiti vya kwenye maboksi ya viatu havifiki hata robo. Silika ya bluu ikigeuka waridi imejaa. Iweke kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, itarudi bluu. Kipimo kidogo cha unyevu kisome chini ya asilimia 50. Juu ya chuma paka nta ya madini kwa kitambaa laini. Nta ya nyuki ya Tabora ni nzuri kwa mbao, lakini ina uasidi kidogo kwa chuma kinachokaa miaka.

Kagua kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi masika yanapoanza Machi. Fungua chombo asubuhi baada ya jua kupasha chumba, si usiku, na uangalie kwanza chini ya mbao za mshiko na kwenye mfereji wa kila skrubu, kwa sababu kutu mpya huanzia huko.